Maslahi ya Kibinafsi Dhidi ya Msimamo katika Tamthilia ya Kigogo

Mwanafunzi wa kidato cha nne, umekwisha kuisoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea kutoka mwanzo hadi mwisho. Unawajua wahusika na unaweza kusimulia yanayotendeka Sagamoyo. Mtahini, hata hivyo, hatakuuliza usimulie. Atakuuliza ujadili. Sehemu hii ya mwongozo inashughulikia maudhui ambayo hujitokeza katika maswali ya insha na ya dondoo pia: mvutano kati ya kutafuta maslahi ya kibinafsi na kushikilia msimamo.

Wanafunzi wengi hulijibu swali la aina hii kwa kuwagawa wahusika katika makundi mawili. Majoka, Kenga, Boza na Ngurumo huwekwa upande wa wabaya. Tunu na Sudi upande wa wema. Kisha insha ikaisha. Jibu hilo si la uongo, lakini ni jepesi. Linamwacha Ashua nje, na Ashua ndiye mhusika anayelifanya swali hili liwe gumu. Tulitazame kwa makini.

MAANA YA DHANA

Maslahi ya kibinafsi ni faida ambayo mtu hujitafutia yeye mwenyewe au jamaa zake: chakula, pesa, kazi, cheo, ardhi, usalama. Kumbuka kuwa kutafuta maslahi si kosa. Mzazi anayeamka alfajiri kwenda kuuza ndizi sokoni anatafuta maslahi, na hakuna anayemlaumu.

Msimamo ni hali ya mtu kushikilia analoamini kuwa ni la haki hata anapotishwa au anaposhawishiwa aliache. Mtu hajulikani kuwa na msimamo hadi siku atakapotakiwa kuulipia.

Mvutano huzuka pale ambapo mtu hawezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja. Jiulize basi: ni nani aliyefanya visiweze kupatikana pamoja? Liweke swali hili akilini unapoendelea kusoma, kwa sababu ndilo ufunguo wa tamthilia nzima.

MANDHARI: SOKO LILILOFUNGWA

Soko la Chapakazi ndipo wanasagamoyo wanapopata riziki. Jina lenyewe ni majazi: ni mahali pa kuchapa kazi. Majoka analifunga soko hilo, na baadaye inabainika kwamba ardhi yake inatakiwa kwa ujenzi wa hoteli ya kifahari. Watu waliokuwa wakijilisha kwa jasho lao wanabaki bila njia ya kujilisha, huku serikali ikiandaa sherehe za miaka 60 ya uhuru.

Tazama mfuatano huo. Kwanza riziki halali inazibwa. Halafu inafunguliwa njia moja tu ya kupata chakula, nayo inapitia mlangoni kwa Majoka. Anayetaka kula sharti amsifu, amtumikie au anyamaze. Kwa hivyo, Majoka anaposambaza keki na kandarasi, hatoi zawadi. Anawauzia watu kile alichowanyang'anya, na bei yake ni sauti zao.

Hoja hii ni nzito. Mtahiniwa anayeieleza vizuri huonyesha kwamba ameelewa kuwa tamaa ya watu wadogo wa Sagamoyo haikuzuka yenyewe. Ilipandwa na kunyunyiziwa maji na uongozi.

SUDI: MCHONGAJI ANAYEKATAA KUCHONGA

Sudi ni mchongaji. Kenga anamfikia karakanani na kumtaka achonge kinyago cha Marara bin Ngao kwa ajili ya sherehe. Malipo yanayotajwa ni manono, na yanakuja na ahadi za maisha mazuri. Sudi anakataa. Hata keki ya uhuru anayoletewa anaikataa, kwa sababu haoni uhuru wowote unaosherehekewa.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kwani kuchonga kinyago kuna ubaya gani? Ni kazi tu. Ukiwa msomaji wa Ukambani, una bahati ya kulielewa jambo hili vyema kuliko wengi. Uchongaji wa vinyago unaosifika kote nchini ulienea kutoka Wamunyu, ng'ambo ya mpaka wa Kitui na Machakos. Aliyeuanzisha huko ni Mutisya Munge, ambaye alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa twiga na ndovu wa mbao waliouzwa kwa watalii. Mchongaji wa Wamunyu huchonga kile ambacho mnunuzi anataka, naye hafanyi dhambi yoyote. Twiga hadanganyi mtu.

Kinyago anachotakiwa Sudi kuchonga ni tofauti. Ni cha kumtukuza mtu ambaye watawala wanataka akumbukwe kama shujaa, ili nao watukuke kupitia kwake. Kitasimama hadharani, na watoto wa Sagamoyo watafundishwa kukiheshimu. Sudi anajua kwamba mkono wake ukikichonga, utakuwa umetia sahihi uongo. Yeye tayari anachonga kinyago cha shujaa mwingine, shujaa anayeamini ndiye wa kweli. Kwa hivyo, Sudi hakatai kazi. Anakataa kuutumia ufundi wake kuandika historia ya uongo.

Unapoandika juu ya msimamo wa Sudi, usiseme tu kwamba "ana msimamo thabiti". Eleza alichopewa, alichokataa, sababu ya kukataa, na alichopoteza. Hayo manne ndiyo yanayoifanya hoja ikamilike.

ASHUA: ANAYELIPIA MSIMAMO WA MWENZIWE

Hapa ndipo insha nyingi hukosea njia. Ashua, mkewe Sudi, ni msomi mwenye shahada, lakini anachuuza sokoni. Soko linapofungwa, watoto wake Pili na Pendo wanalala njaa. Ashua anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Anazozana na Husda, na anaishia kufungiwa. Yote hayo yalikuwa mtego. Majoka anataka Sudi achonge kinyago ndipo mkewe aachiliwe. Ashua analemewa, anamlaumu mumewe na kudai talaka.

Je, Ashua ni mpenda maslahi? Ukisema ndiyo, utakuwa umemwonea. Kumbuka kwamba ni Ashua huyu huyu aliyekataa kazi ya ualimu katika shule ya Majoka, Majoka and Majoka Academy, na aliyezikataa pia tamaa za Majoka kwake. Alikuwa na msimamo kabla ya njaa kuingia nyumbani. Anachodai si ukwasi. Anadai chakula cha watoto, na hiyo ni haki.

Je, basi Sudi ni mume mbaya kwa kutochonga? Hili pia ni swali la haki, na tamthilia hailikwepi. Msimamo wa Sudi una gharama, na gharama hiyo hailipwi na Sudi peke yake. Inalipwa na mkewe aliye kizuizini na watoto ambao hawakuulizwa. Mwandishi angetaka kuturahisishia mambo, angempa Sudi maisha ya ukapera. Badala yake amempa familia, ili tuone kwamba maadili hayaelei hewani. Yana watu wanaoyabeba.

Hata hivyo, jihadhari usihitimishe kwamba Sudi angepaswa kukubali. Rejelea swali letu la mwanzo: ni nani aliyefunga soko? Ni nani aliyemfungia Ashua? Anayewatesa Pili na Pendo ni Majoka. Njia kongwe ya mtawala dhalimu ni kumfanya mwenye msimamo aonekane ndiye mkatili kwa watu wake. Mume na mke wakianza kulaumiana, mfunga soko analala usingizi mnono.

BOZA NA MAMAPIMA: WANAOKULA LEO

Boza ni mchongaji mwenzake Sudi. Wanafanya kazi pamoja katika karakana moja na wanakabiliwa na hali moja. Lakini Boza anaipokea keki, anautetea utawala na kumbeza Sudi. Mkewe, Asiya, anayejulikana kama Mamapima, anauza pombe haramu Mangweni na anapata kandarasi ya kuoka keki ya sherehe kupitia kwa Ngurumo.

Linganisha ndoa hizi mbili. Nyumba ya Sudi ina njaa, nyumba ya Boza ina kandarasi. Ukitazama kwa jicho la leo, Boza ndiye aliyefaulu. Ukitazama kwa jicho la kesho, utaona kwamba Boza amepewa kipande cha keki na kunyang'anywa soko zima, na bado anashukuru. Hiki ni kinaya kinachofaa kutajwa katika jibu lako. Kumbuka pia kwamba mwisho wa mchezo Mamapima anaomba msamaha mbele ya umma. Mwandishi hawafungii mlango waliokula, na hilo ni jambo la kuzingatia: wadogo walioshawishiwa wanaweza kurudi.

Ngurumo hapati nafasi hiyo. Amekuwa mlevi na mtetezi wa utawala, na anauawa na chatu. Kifo chake hakimtikisi Majoka hata kidogo. Funzo ni wazi: mtumwa wa maslahi ya mkubwa ana thamani maadamu anatumika.

KENGA: MASLAHI YASIYO NA RAFIKI

Kenga, ambaye jina lake linadokeza ulaghai, ndiye mshauri mkuu wa Majoka. Ndiye mpangaji wa hila nyingi, naye amegawiwa sehemu ya ardhi ya soko. Lakini umma unapofurika na mambo kumwendea mrama Majoka, Kenga anamtupa mkono. Vilevile Chopi, aliyetumwa kutekeleza maovu, anageukwa na aliyemtuma.

Hapa mwandishi anatuonyesha udhaifu wa utawala uliojengwa juu ya maslahi. Faida ndiyo iliyowaunganisha, na faida ilipokwisha, umoja nao ukaisha. Wenye msimamo, kinyume chao, walikuwa na sababu ya kubaki pamoja hata walipokuwa hawana kitu. Tunu alivunjwa mguu, lakini watu walizidi kumfuata.

TUNU NA KINGI: KUKATAA KWA NAMNA MBILI

Tunu angeweza kuishi vizuri. Majoka alitaka aolewe na mwanawe, Ngao Junior, na akakataa. Mvulana huyo hatimaye anaangamizwa na dawa za kulevya, biashara ambayo utawala wenyewe umeifumbia macho. Tunu anachagua kuongoza watu kudai soko lifunguliwe. Angalia: Tunu hadai cheo. Anadai watu warudishiwe mahali pao pa kazi. Kwa maneno mengine, msimamo wake unapigania maslahi, ila ni maslahi ya wote. Hoja hii itakutofautisha na watahiniwa wengine.

Kingi, mkuu wa polisi, ana nafasi ndogo lakini nzito. Anapoamriwa awafyatulie raia risasi, anakataa, naye anapoteza kazi. Kingi hakuwa mwanaharakati, wala hatusikii akihutubia. Kwake, mvutano mzima wa tamthilia ulitimia katika dakika moja: mshahara au damu ya watu. Usimsahau unapotafuta mifano.

MFANO KUTOKA HISTORIA YETU

Usidhani kwamba mambo haya ni ya jukwaani tu. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza ng'ombe wao, na mifugo ikauzwa kwa bei ya kutupa. Watu walitembea hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Hatimaye serikali iliachana na mpango wa kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu. Barabara mojawapo katikati ya Nairobi ina jina lake hadi leo.

Ng'ombe ni maslahi. Ni mahari, ni karo, ni akiba ya mwaka wa ukame. Watu wale walikwenda Nairobi kwa sababu ya mali yao. Lakini kila mtu angeweza kwenda kivyake kubembeleza ng'ombe wake warudishwe. Walichagua kwenda pamoja. Huo ndio msimamo anaouonyesha Tunu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa makaa. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa ili kuokoa miti. Kwa anayeishi Matinyani, ambako mvua ikikosa kila mtu huhisi, faida ya mti inajulikana. Lakini mzazi aliyekuwa akichoma magunia mawili ili alipe karo alikuwa na swali la Ashua: je, watoto wangu wale nini wakati mti unasubiri kukua? Mzazi huyo si sawa na tajiri mwenye lori linalosomba mamia ya magunia usiku. Wote wawili wanauza makaa. Mmoja ana haja, mwingine ana tamaa. Ukiweza kuitofautisha haja na tamaa kijijini kwako, utaweza kumtofautisha Ashua na Kenga kitabuni.

Tahadhari: mifano hii ni ya kukusaidia kuelewa. Katika mtihani, hoja zako zote zitoke kwenye tamthilia. Mtahini hatoi alama kwa Muindi Mbingu.

MBINU ZINAZOENDELEZA MAUDHUI HAYA

1. Jazanda. Keki inawakilisha mali ya nchi. Wachache wanaikata na wengi wanapewa vipande ili wanyamaze. Kinyago kinawakilisha historia inayochongwa upya kwa faida ya watawala.

2. Majazi. Majoka ni nyoka wakubwa wanaomeza watu. Tunu ni kitu cha thamani, adimu kupatikana. Husda ana wivu. Sagamoyo ni mahali ambapo mioyo inasagwa.

3. Kinaya. Uhuru unasherehekewa na watu ambao hawana uhuru wa kufungua vibanda vyao.

4. Usambamba wa wahusika. Sudi na Boza ni wachongaji wawili katika karakana moja, lakini njia zao zinatofautiana. Ashua na Mamapima ni wake wawili wanaokabili dhiki moja kwa namna mbili.

SWALI LA MFANO

"Maslahi ya kibinafsi ndiyo yanayoiangamiza Sagamoyo." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)

Karatasi ya tatu hukupa saa mbili na nusu kwa maswali manne. Kwa hivyo, huna zaidi ya dakika thelathini na tano kwa swali hili, pamoja na kupanga. Pendekezo la mpangilio:

(a) Anza na hoja zinazounga kauli mkono: Majoka kulifunga soko kwa ajili ya hoteli, Kenga kupokea ardhi ya soko, Boza kuutetea utawala unaomdhulumu, Mamapima kuuza pombe haramu na kupata kandarasi kwa njia ya mkato, dawa za kulevya kumwangamiza Ngao Junior.

(b) Onyesha kwamba walioshikilia msimamo ndio wanaoiokoa Sagamoyo: Tunu kukataa posa na kuongoza umma, Sudi kukataa kuchonga, Kingi kukataa amri.

(c) Kwa kuwa umeambiwa ujadili, onyesha upande wa pili pia: si kila anayetafuta maslahi anaangamiza nchi. Ashua anatafuta chakula cha watoto. Wanasagamoyo wanadai soko. Kinachoangamiza ni maslahi yanayopatikana kwa kuwanyima wengine.

(d) Hitimisha kwa sentensi moja au mbili zenye uamuzi wako.

Kila hoja iwe na mambo matatu: kauli, mfano kamili kutoka kitabuni (nani, wapi, kulitokea nini), na maelezo ya jinsi mfano huo unavyojibu swali. Kosa linalowapotezea watahiniwa alama nyingi ni kutoa mfano bila kuufunganisha na swali.

MAZOEZI

1. "Sudi anaipenda Sagamoyo kuliko anavyowapenda wanawe." Je, unakubali? Toa hoja nne. (alama 8)

2. Linganisha uhusiano wa Sudi na Ashua na ule wa Boza na Mamapima kwa kuzingatia mvutano kati ya maslahi na msimamo. (alama 12)

3. Eleza jinsi keki ilivyotumiwa kuendeleza maudhui katika tamthilia hii. (alama 6)

4. Fafanua umuhimu wa mhusika Kingi. (alama 4)

Jibu la swali la kwanza lijadiliwe darasani, nusu wakiunga mkono na nusu wakipinga, kisha pande zibadilishane. Mkimaliza, kila mmoja aandike alama ambazo angempa Sudi, na alama ambazo angempa Ashua. Msishangae zikitofautiana. Wengi wenu mna wazazi waliowahi kusimama mahali alipokuwa Ashua, na baadhi yenu mtasimama alipokuwa Sudi kabla hamjafika umri wa miaka thelathini.